Kibuyu Kisichowekwa Chini

Sheria ya maji ya Amataki, hekalu la mbali yanakochotwa maji ya kuletea mvua, ni moja tu, na kila mtoto aliyezaliwa katika kijiji cha Ogase huijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake: yakisha kuchotwa, hayawekwi chini. Mchukuzi huyatia katika kibuyu, hukining'iniza kifuani kwa kamba nyekundu, na tangu hapo hasimami mpaka awe amefika nyumbani. Akiketi, akilala, akikitua kibuyu hata juu ya meza safi, mvua itanyesha papo hapo alipokitua, iwalowanishe watu wasioiomba, na kijiji kilichomtuma kitabaki na vumbi lake.

Zamani vijana walipokezana kibuyu mbio, kutoka mlima hadi mlima. Vijana walipohamia mijini, kazi hiyo ilibaki kwa mtu mmoja na treni. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Tokuji, mume wa Kiyono. Tokuji alinunua tiketi ya kiti katika treni ya mwendo kasi, wala hakukikalia kiti hicho hata mara moja. Treni ilipokuwa ikienda alisimama katika ujia, kwa kuwa treni yenyewe ilikuwa ikitembea kwa niaba yake. Iliposimama stesheni alianza kukanyaga pale pale, kushoto na kulia, kushoto na kulia, mpaka iondoke tena. Siku moja kondakta mmoja alimwonea huruma.

"Mzee, umebanwa? Choo kipo behewa la mbele."

"Nimebanwa na kijiji kizima, mwanangu," Tokuji alimjibu, akaendelea kukanyaga.

Kiyono alikipenda kisa hicho, na kila mumewe alipokisimulia alicheka kana kwamba hajapata kukisikia. Naye alikuwa na desturi yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyemwamuru kuishika: siku zote Tokuji alizokuwa njiani na maji, Kiyono hakuketi kula. Alisimama karibu na jiko, bakuli mkononi, akala wali wake na kachumbari ya figili kama mtu anayesubiri kuitwa.

Tokuji alipokuwa akifa alikikabidhi kibuyu kwa Gisaburo, jirani yake na rafiki yake tangu walipokuwa wakiogelea uchi mferejini. Kiyono alikuwapo. Alimwona Gisaburo akikipokea kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, akisema, "Nitakibeba kama ulivyokibeba wewe." Miaka iliyofuata mvua haikukosekana, kwa hiyo kibuyu kilikaa tu kimetundikwa nyumbani kwa Gisaburo, chini ya rafu ya miungu, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kukigusa.

Ndipo ukaja mwaka wa ukame. Mwezi wa nane ulikuta mpunga umebeba mimba, yaani masuke yamejaa ndani ya shina yakitafuta njia ya kutoka, na huo ndio wakati ambao mpunga hausamehe kunyimwa maji. Majaruba ya Kiyono yalikuwa mwisho wa mfereji. Maji yalimfikia baada ya kupita kwa watu wote, na mwaka ule yalimfikia kama jasho. Udongo wa jaruba la chini ulikuwa umeanza kupasuka. Hakuwa na shamba lingine, wala hakutaka kuwa na maisha mengine.

Wanakijiji walikutana katika ukumbi wa hekalu. Bwana Masunaga, mwenyekiti wa chama cha maji, mtu mpole aliyekuwa mwalimu kabla ya kustaafu, alisema kwamba umefika wakati wa kutuma mtu Amataki. Watu wote wakamtazama Gisaburo. Kiyono akamtazama zaidi ya wote, kwa kuwa tangu majira ya kuchipua alikuwa amemwona akishuka ngazi za baraza lake kwa ubavu, kama kaa, mkono mmoja juu ya goti.

"Naomba niende mimi," alisema Kiyono. "Njia naijua. Tokuji alinieleza kila kituo. Na magoti yako, shemeji, hayajapona."

Gisaburo alicheka, akajipiga goti kofi kwa sauti ili kila mtu asikie.

"Magoti yangu yamekukosea nini, shemeji? Mbona unayasema hadharani?" Watu wakacheka. "Tokuji alinikabidhi mimi. Au unataka wa kijiji cha pili waseme Ogase wanaume wamekwisha, sasa wanatuma wajane?"

"Waache waseme. Mimi nataka mvua."

"Na utaipata. Wewe andaa ngoma tu."

Mzaha ule ulimaliza shauri. Kesho yake asubuhi Gisaburo aliondoka na basi, kibuyu kitupu kifuani, kofia mpya ya majani kichwani, na wanawake wakampungia mikono mpaka basi likapotea nyuma ya mierezi.

Ilikuwa juma la sikukuu ya kurudi kwa wafu. Kiyono alitengeneza farasi wa tango mwenye miguu ya vijiti, akamweka mbele ya picha ya Tokuji ili roho yake ije upesi, na ng'ombe wa biringanya ili irudi polepole. Siku zote hizo hakuketi kula. Binti yake, Sanae, alipopiga simu kutoka bondeni na kumsikia akitafuna huku akitembea, alimgombeza.

"Mama, kaa chini! Anayebeba maji ni mzee Gisaburo, si baba."

"Kibuyu ni kile kile," alijibu Kiyono.

Gisaburo alirudi siku iliyopangwa, saa ya adhuhuri, akipanda mteremko kibuyu kikiwa kimejaa, uso umemwiva na kung'aa. Wengine walisema ni jua la Amataki. Ngoma ililia. Kwa desturi, mwanamke mkubwa wa ukoo wa mchukuzi wa zamani ndiye hukipokea kibuyu chini ya ngazi za hekalu, hupanda nacho bila kusita, na kuyamimina maji katika kidimbwi cha hekalu. Kiyono alikipokea. Kamba nyekundu ilikuwa bado na fundo alilolifunga Tokuji. Alipanda ngazi za mawe huku macho yakimchoma kwa machozi. Katika ngazi ya juu kandambili yake ilinasa kidogo, akaivuta, akaendelea, akamimina. Wanawake walicheza wakizunguka kidimbwi mpaka vumbi likawafika magotini.

Mvua haikunyesha. Haikunyesha siku ile, wala iliyofuata, wala ile ya baada yake. Anga lilikuwa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.

Walikutana tena. Safari hii hapakuwa na mzaha. Maji ya Amataki yakikosa kuleta mvua, swali huwa ni moja, nalo ni kongwe kuliko ukumbi ule: yalitua wapi? Bwana Masunaga alimwuliza Gisaburo kwa heshima, kama mtu anayetimiza wajibu tu.

"Mimi niliyafikisha salama," alisema Gisaburo. Alikuwa ameketi na miguu ameinyoosha pembeni, akiutazama mkeka. "Yalitoka mikononi mwangu yakaingia mikononi mwa shemeji. Baada ya hapo siwezi kusema."

"Baada ya hapo ni ngazi tu," mtu mmoja alisema.

"Ngazi, ndiyo." Gisaburo alinyoosha pindo la mkeka. "Pale juu niliona kama alisita. Labda macho yangu. Mimi ni mzee."

Hakuna aliyegeuza kichwa ghafula. Watu wa Ogase hawana adabu mbaya kiasi hicho. Lakini Kiyono aliona mabega yakigeuka, moja baada ya jingine. Akaikumbuka kandambili iliyonasa. Je, alisimama? Je, kibuyu kiligusa jiwe? Kadiri alivyojiuliza ndivyo alivyozidi kuliona jiwe lile likikigusa kibuyu, jambo ambalo halikutokea. Moyo wa mtu mwaminifu una udhaifu huu, kwamba ukishitakiwa huanza kwanza kujipekua wenyewe. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Kama ni mimi, naombeni radhi," alisema. "Sikujua."

Kutoka upande wa Gisaburo haikutoka hata sauti ya kukohoa.

Bwana Masunaga, kwa upole ulioumiza kuliko matusi, alisema kwamba hakuna anayemlaumu mtu. Ila maji machache yaliyobaki mferejini yangegawiwa kwa zamu, na kwa kuwa hayawezi kumfikia kila mtu, ingefaa zamu ianze na majaruba ya juu. Kila mtu alielewa. Kiyono pia alielewa. Kesho yake alisimama mwisho wa mfereji na jembe begani, akingoja maji ambayo hayakuja, na wanawake waliopita walimwamkia kwa sauti nyororo kama ya watu wanaopita mbele ya nyumba yenye msiba.

Siku mbili baadaye, mchana, simu ililia. Alikuwa Hironobu, mkwe wake, mume wa Sanae, anayefanya kazi katika ghala la vifurushi katika mji wa Shirahata, kule bondeni.

"Mama, shikamoo. Huko mmepata chochote?"

"Hatujapata, mwanangu."

"Basi njoo uchukue huku! Sisi tumefurika, mama. Nakuapia ni maajabu. Wingu limekaa juu ya ghala letu kama kuku anayeatamia. Ng'ambo ya mto watu wanaanika nguo, sisi tunafagia maji mlangoni. Juzi nimeogelea kwenda kazini." Alicheka. "Na kile kifurushi chenu kilifika salama? Mimi mwenyewe ndiye niliyekiokoa. Nilikipandisha rafu ya juu kisilowe."

"Kifurushi gani?"

"Cha mzee Gisaburo. Kimetoka hekalu la Amataki, kimeandikwa kimiminika, kisilazwe. Kililala kwetu siku mbili, maana sikukuu ya wafu hii magari hayatoshi. Nikawaambia wenzangu, jamani, watu wa kwetu Ogase sasa wanaagiza maji kwa gari la vifurushi, mabomba yamewakosea nini? Kisha kikapelekwa ile hoteli ya chemchemi za moto ya Yunosaka. Mama? Upo?"

"Nipo."

"Nimesema vibaya?"

"Hapana, Hironobu. Umesema vizuri sana. Kiweke mbali na mvua kila kitu cha watu, mwanangu. Msalimie Sanae."

Aliiweka simu mezani, akajiona bado amesimama karibu na jiko na bakuli mkononi, ingawa hakukuwa tena na mtu yeyote njiani wa kusimamiwa.

Gisaburo alikuwa barazani kwake, suruali imekunjwa, kitambaa chenye barafu juu ya goti. Alipomwona Kiyono akipita penye ua, aliishusha suruali haraka.

"Karibu, shemeji. Nikuletee chai ya shayiri?"

"Maji ya Yunosaka yalikuwa ya moto vya kutosha?"

Gisaburo alilishika goti lake. Nyenze walikuwa wakilia juu ya mti wa nyuma ya nyumba, wakanyamaza, wakaanza tena.

"Nani amekwambia?"

"Mvua imeniambia. Inanyesha Shirahata, juu ya ghala kilimolala kibuyu. Siku mbili, shemeji. Kililala rafuni na viatu vya watu na katoni za tambi."

"Goti lilikataa," alisema Gisaburo. "Stesheni ile ya kwanza ya kubadilisha treni, ngazi zake, nilifika katikati nikashindwa kupanda na kushindwa kushuka. Watu walinipita kama mto unavyolipita jiwe. Ningefikaje Amataki? Nikapiga simu hekaluni. Siku hizi wanatuma, shemeji, watu wengi wanaletewa. Nikakituma kibuyu kwao, nao wakakirudisha kimejaa."

"Nilikuomba niende mimi. Niliomba mbele ya watu wote."

"Mbele ya watu wote. Ndiyo hivyo. Ungeniomba faraghani…"

"Ungekubali?"

Gisaburo alilivuta tena pindo la suruali.

"Nilikula nimesimama siku zote hizo," alisema Kiyono.

"Mimi sikukutuma usimame."

Maneno hayo yalipokwisha kumtoka, Gisaburo mwenyewe alionekana kutaka kuyarudisha. Lakini yalikuwa yamekwisha kufika.

"Haya," alisema Kiyono. "Goti nimelielewa. Hata Yunosaka naielewa. Mtu mwenye maumivu hutafuta maji ya moto. Nieleze ile ngazi. Nieleze ulichokiona juu ya ngazi."

"Waliuliza, shemeji. Ilikuwa lazima maji yawe yametua mahali."

"Yakatua juu yangu."

"Wewe ni mjane wa Tokuji. Nilijua hawatakufanya neno. Mimi wangenifanya kichekesho mpaka kaburini. Tokuji angenielewa, tulikuwa kama…"

"Usimtaje. Juma lile alikuwa nyumbani. Nilimwekea farasi mbele ya picha yake. Alikaa nami akisubiri kibuyu chake, na wewe umejitumbukiza mpaka shingoni na taulo kichwani."

Alivua kandambili, akapanda barazani bila kukaribishwa, jambo ambalo hakupata kulifanya katika nyumba ya mtu yeyote, akakitungua kibuyu chini ya rafu ya miungu.

"Utawaambia?" Gisaburo aliuliza. Sauti ilikuwa ya mtu mdogo.

"Hapana. Utawaambia wewe."

"Nikisema, nitaishije hapa?"

"Mimi ninaishije?"

Kesho yake alipanda basi la asubuhi peke yake. Hakuomba ruhusa ya chama. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani na kuchukua matonge ya wali yenye tunda la chumvi ndani, ya kuliwa kwa mkono mmoja. Amataki aliifikia jioni, akalala katika nyumba ya wageni ya hekalu, na kulipopambazuka akachota. Mtunzaji wa hekalu, msichana mwenye miwani, alimwambia kwa wema kwamba wangeweza kumtumia nyumbani, asihangaike.

"Najua mnaweza," alisema Kiyono. "Asante."

Yote aliyoelezwa na Tokuji aliyakuta mahali pake. Tawi la mti lililoinama katika njia ya kushukia. Dereva wa basi la mlimani, aliyemwacha akanyage karibu na mlango bila kumwuliza neno. Katika treni ya mwendo kasi alisimama kwenye ujia, kibuyu kifuani, na kila stesheni alikanyaga kushoto na kulia. Mtoto mmoja alianza kumwiga, mama yake akamzuia, kisha Kiyono akamwashiria mama amwache, na kwa stesheni mbili walikanyaga wawili. Shirahata treni haikusimama. Aliiona dirishani kwa muda wa kufumba na kufumbua: paa refu la bati likimeremeta, madimbwi uwanjani, na majaruba ya watu asiowajua yakiwa yamejaa pomoni.

Katika treni ndogo ya kwenda milimani miguu ilikuwa imevimba hata ikafinywa na viatu. Palikuwa na kituo ambapo treni husubiri nyingine ipite, na kusubiri huko ni kurefu. Hapo ndipo alipotaka kuketi kuliko alivyopata kutaka kitu chochote. Kiti kilikuwa kitupu mbele yake. Alikanyaga akikitazama.

Basi lilipomshusha chini ya Ogase, watu walikuwa barabarani, wengi kuliko aliotazamia. Bwana Masunaga alikuwa mbele, kofia mkononi.

"Gisaburo ametueleza, mama," alisema, akitembea kinyumenyume mbele yake kwa kuwa Kiyono hakusimama. "Ametueleza yote. Mfereji tumeufungulia kwako tangu jana. Tumekukosea. Mimi hasa nimekukosea."

"Mpunga wa jaruba la chini umetoa masuke meupe, Bwana Masunaga," alisema Kiyono. "Matupu. Nimeyaona kabla sijaondoka." Akaendelea kupanda.

Penye kona, mahali mteremko unapoanza kuwa mkali, Gisaburo alikuwa amepiga magoti katikati ya njia. Amepiga magoti yale yale, juu ya lami yenye moto, mikono mbele, paji la uso chini. Kofia yake mpya ya majani ilikuwa pembeni. Hata wale waliomkasirikia waliuma midomo kwa kumwonea maumivu.

"Shemeji," alisema bila kuinua uso. "Simama kidogo tu. Nikuombe radhi. Dakika moja, shemeji."

Kiyono aliuona upara wake uliochomwa na jua. Aliona mikono iliyokipokea kibuyu siku ile kitandani kwa Tokuji. Njia ilikuwa nyembamba. Akakizungushia kibuyu mkono, akakanyaga majani ya ukingoni, akampita. Upindo wa nguo yake ulimgusa begani. Watu nao wakampita, wengine kushoto, wengine kulia, wakifuata maji.

Ngazi za mawe alizipanda bila kunasa. Aliyamimina yote, akakitikisa kibuyu mpaka tone la mwisho, na watu wakasubiri nyuma yake, wasijue kama wapige ngoma au wanyamaze. Upande wa magharibi, juu ya mierezi, kulikuwa na utando wa wingu, ambao ungeweza kuwa kitu au usiwe kitu.

Miguu yake iliendelea kukanyaga yenyewe, kushoto na kulia, kwa muda, kisha ikatulia. Maji yalikuwa yamefika. Hakuna sheria iliyomzuia tena kusimama. Huko chini kwenye kona palisikika sauti ya mtu akijaribu kuinuka na kushindwa, akimwita Kiyono kwa jina. Kiyono alisimama, akiwa amekikabili kidimbwi, akaanza kulifungua fundo la Tokuji kutoka kwenye kamba nyekundu, taratibu, kwa kucha zake, na hakugeuka.